Nilikuwa Nikianguka

Mjomba wangu na mama yangu mdogo hawajapatana katika jambo hili mpaka leo. Mjomba husema mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo mtu akienda kuomba kazi aseme yote. Mama mdogo humjibu kwa methali yake: funika kombe mwanaharamu apite. Mungu amekwisha kuponya, wewe unayafukua ya nini? Wote wawili wananipenda, wote ni watu wa sala tano, na kila mmoja ana hoja yake katika dini. Mimi nilikuwa nikikaa katikati yao barazani, Pangani, na fomu ya maombi ya kazi mapajani. Swali lenyewe lilikuwa karibu na mwisho wa ukurasa wa pili. Hawakuuliza kama nina ulemavu au maradhi ya muda mrefu. Waliuliza kama nimewahi kuwa nayo, na chini yake wakaacha mistari mitatu ya kueleza.

Nimewahi. Nilikuwa nikianguka kifafa.

Kilinianza utotoni baada ya malaria iliyopanda kichwani. Bibi aliiita degedege na akaitibu kwa mafusho na makombe kabla baba hajanibeba kunipeleka Bombo, Tanga mjini. Homa iliondoka, kuanguka kukabaki. Aliyelelewa pwani anayajua maisha ya mtoto anayeanguka: hateki maji kisimani peke yake, haogi baharini, haachwi karibu na moto. Mimi niliwahi kuachwa, uji ukiwa mafigani, na alama ya siku hiyo ninayo. Kovu langu linaanzia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto na kupanda hadi karibu na kiwiko; ngozi imejikunja na inang'aa, na haitoi jasho hata jua la Januari likiwa kali kiasi gani. Shuleni, mtoto niliyekaa naye dawati moja alihamishwa na mzazi wake kwa kuogopa povu langu. Wengi waliamini, na wapo wanaoamini hadi sasa, kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza. Haliambukizi. Nyumbani kwa jirani zetu kikombe changu cha bati kilitundikwa msumarini peke yake.

Ndiyo sababu nauita ulemavu, ingawa kwa daktari ulikuwa ugonjwa. Kuanguka kwenyewe kulichukua dakika chache, kisha nililala, nikaamka. Kilichonifungia kisima, bahari, jiko na dawati ni namna watu walivyopanga maisha yao wakihofia dakika hizo.

Dawa yangu ilikuwa fenobabito, kidonge cha bei ndogo, kila usiku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi duniani wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yafaayo. Mimi nilikuwa katika hao 70. Mara ya mwisho nilianguka nikiwa kidato cha pili. Baadaye daktari alipunguza dawa taratibu mpaka akaiondoa kabisa. Nikasoma ununuzi na ugavi, nikapata stashahada, nikaanza kutembea na bahasha ya kaki kama vijana wenzangu wote.

Kampuni moja ya vifaa vya ujenzi, jijini Dar es Salaam, iliniita kwenye usaili wa mtunza stoo. Katika ile mistari mitatu nilikuwa nimeandika kwamba nilikuwa na kifafa utotoni, kwamba sijaanguka tangu kidato cha pili na kwamba situmii dawa. Jopo lilikuwa la watu watatu. Mlango wa chumba uliachwa wazi kwa ajili ya joto, na waombaji wengine walikuwa kwenye benchi hatua chache kutoka mlangoni. Mwenyekiti aliipekua fomu, akafika pale, akasoma maneno yangu kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma tangazo. Mmoja akaniuliza nikianguka mbele ya wateja itakuwaje. Hakuna aliyeniuliza jinsi ya kupokea mzigo, jinsi ya kulinganisha hati ya kupokelea na oda, jinsi ya kuzuia simenti isigande stoo. Wakasema watanipigia. Nilipotoka, dada mmoja kwenye benchi aliuvuta mkoba wake upande wa pili.

Sikupigiwa. Lakini kukosa kazi si jambo nililolifikiria sana baada ya hapo, maana kazi hukoswa kwa sababu nyingi. Nililofikiria ni kama Mungu alinitaka niandike yale niliyoandika. Na kama alinitaka, ule usomaji wa sauti, mlango ukiwa wazi, ulikuwa nini?

Hoja ya mjomba ni nzito na sitaki kuipunguza. Anaitoa katika ile hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikagusa unyevu. Muuzaji akasema ni mvua iliyonyesha. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, na akaambiwa kwamba anayedanganya si miongoni mwa watu wake Mtume. Mjomba amefanya biashara ya nazi maisha yake yote na hadithi hii ndiyo dini yake ya sokoni: hajawahi kuficha nazi koroma chini ya gunia. Kwake yeye, anayeomba kazi anauza nguvu zake, na aliyewahi kuanguka ana unyevu ndani ya lundo. Auweke juu.

Nilikaa na hoja hiyo muda mrefu kabla sijaona inapokwama. Inakwama kwenye lile lundo. Mimi si nafaka. Na sisi watu wa Pangani tuna sababu zaidi ya wengi ya kulikumbuka hilo, kwa kuwa kuna wakati binadamu walipakiwa majahazini katika mto wetu wakapelekwa Unguja kuuzwa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba aliouridhia Sultani Barghash. Kabla ya hapo, mnunuzi alimfunua mtu kinywa atazame meno, akamtembeza na kumkimbiza aone kama anachechemea. Wanazuoni nao waliandika kanuni za biashara hiyo. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomeshwa hadi leo katika vyuo vya pwani yetu, mlango wa kasoro za bidhaa unawataja watumwa: kutoroka, wizi, kukojoa kitandani. Nilipousoma mlango huo nikijua kwamba hapo mwili mzima wa mtu ndio uliokuwa bidhaa, niliona wazi kwamba kanuni ya lundo haiwezi kumhamia mfanyakazi huru bila kumrudisha sokoni.

Na fiqhi hiyohiyo, yaani sheria ya dini, ina mlango mwingine, wa ijara, yaani kukodi. Maalim wangu wa chuoni ndiye aliyenielekeza huko nilipokwenda kumwuliza, na sijaona jibu lililonifaa kuliko lake. Akaniambia, "Mwanangu, mwajiri hanunui mwili wako. Anakodi manfaa ya kazi yako kwa ujira. Kasoro unayodaiwa kuisema ni kasoro ya manfaa." Basi. Mwenye jahazi analolikodisha hadaiwi kueleza kila mbao iliyowahi kubadilishwa. Anadaiwa kusema kama linavuja.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: je, jambo lililopita linaharibu kazi ninayotaka kupewa leo, au linaweza kumtia mtu mwingine hatarini? Kama jibu ni ndiyo, ni lazima niseme hata nisipoulizwa, na kunyamaza hapo ni udanganyifu uleule wa nafaka. Mtu anayeweza kuanguka wakati wowote akaomba kuendesha basi la abiria la Dar kwenda Tanga, akanyamaza, hana methali ya kumwokoa. Wale abiria ni amana. Ikiwa jibu ni hapana, sidaiwi kutangaza, na hapo ndipo mama yangu mdogo anapokuwa na haki. Kusitiri nako ni dini. Muumini ameamrishwa amsitiri mwenzake, na hakuna mahali alipoamrishwa ajivue mwenyewe mbele ya watu.

Lakini mimi niliulizwa. Na kunyamaza usipoulizwa si sawa na kuandika "hapana" juu ya jambo ambalo ni ndiyo. Hapa mimi na mama mdogo tunaachana. Yeye alitaka niandike hapana, kwa hoja kwamba aliyeuliza hana haki ya kuuliza. Pengine kweli hana haki. Lakini kukosa haki kwake hakuugeuzi uongo wangu kuwa kweli, na miongoni mwa alama za mnafiki, Mtume ametaja kwanza kwamba akizungumza husema uongo. Zaidi ya hayo, nilikuwa naomba kazi ya stoo. Mtunza stoo anaandika idadi kwenye kadi ya rafu, na kazi yote ya mhasibu, ya mkaguzi na ya mwenye mali inasimama juu ya imani kwamba alichoandika ndicho kilichopo. Sikuweza kuanza kazi ya kuandika kilichopo kwa kuandika kisichokuwapo.

Kuna njia ya katikati, na wanazuoni wameijua zamani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihyaa anaeleza kwamba mtu mwenye haja anaweza kutumia maneno yasiyo ya uongo ambayo hayafunui yote, ingawa hapendi yafanywe mazoea. Kwa fomu kama yangu ingekuwa kuandika: sina hali yoyote inayonizuia kufanya kazi hii. Ni kweli tupu. Inajibu kile ambacho mwajiri ana haki ya kukijua. Ninamshauri hivyo kila anayeogopa, hasa mwenye watoto wanaongoja unga jioni, na sioni dhambi yoyote ndani yake.

Basi mbona mimi mwenyewe sikuitumia, wala siitumii sasa? Kwa ajili ya mwanamke mmoja.

Habari zake zimo katika Bukhari na Muslim. Sahaba Ibn Abbas alimwuliza mwanafunzi wake, Ataa bin Abi Rabah, kama angependa kuonyeshwa mwanamke wa peponi. Ataa akasema naam. Akaonyeshwa mwanamke mweusi. Mwanamke huyo alikuwa amekwenda kwa Mtume akamwambia kwamba huwa anaanguka, na kwamba akianguka nguo zinamfunuka, akaomba dua. Mtume akamhiyarisha: akitaka avumilie apate pepo, akitaka amwombee Mungu amponye. Akachagua kuvumilia. Kisha akaongeza ombi moja: aombewe asifunuke. Akaombewa.

Nimelisikia darsa la hadithi hii mara nyingi, na kila mara msemaji anashika subira. Subira imo, wala sibishi. Lakini aliyewahi kuanguka hadharani anasikia kwanza lile ombi la pili. Najua kuamka mavumbini ukiwa umezungukwa na miguu ya watu, kitambaa cha kichwa hakipo, sketi imepanda, na mtu amekuchopeka kijiko mdomoni, kitu ambacho kinaweza kuvunja meno. Mwanamke yule aliweza kustahimili kifafa. Alichoomba kiondolewe ni kufunuliwa. Na tazama jinsi alivyoomba: alisema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba anaanguka. Hakuficha. Alimwambia anayeweza kumsitiri ili amsitiri.

Hapo nikaelewa kilichotokea kwenye usaili wangu. Mimi nilisema, wao walinifunua. Ni mambo mawili mbalimbali, na ugomvi wa mjomba na mama mdogo ulidumu kwa sababu wote wawili waliyachukua kuwa jambo moja. Mjomba, akitetea kusema, alikuwa haoni ubaya wowote wa kufunuliwa. Mama mdogo, akichukia kufunuliwa, alikuwa anakataza kusema. Mwanamke yule alivishika vyote viwili: ukweli wote, na stara yote. Kinachohitajika ili viwepo pamoja ni msikilizaji mwaminifu. Ukweli wa mtu kuhusu mwili wake, unapotua mkononi mwa mwajiri, ni amana kama amana nyingine, na yule mwenyekiti aliyeusoma mlango ukiwa wazi alikuwa ameikhini amana kabla hata ya kuamua kama ataniajiri.

Na Ataa, yule aliyeonyeshwa? Wasifu wake katika vitabu unasema alikuwa na chongo, kilema cha mguu na mkono uliopooza, na mwisho wa maisha akapofuka. Alikuwa mufti wa Makka.

Maalim aliniongezea visa viwili vya Qur'ani ambavyo vyote ni vya watu waliopewa kazi. Kimoja ni cha Nabii Yusuf, ambacho kwa watu wa fani yangu ni kipenzi, kwa kuwa aliomba kazi ya maghala. Alipojieleza kwa mfalme alitaja mambo mawili tu: kwamba ni mtunzaji na kwamba ana ujuzi. Hakurudia habari za gereza. Lakini kabla ya kutoka gerezani alikuwa amemrudisha mjumbe wa mfalme, akataka kwanza ichunguzwe ile kesi ya wanawake waliojikata mikono, mpaka ikabainika kuwa hana hatia. Yaliyohusu uaminifu wake yalitakaswa kwanza, kwa kuwa anayekabidhiwa nafaka ya nchi nzima wakati wa njaa ni lazima aaminike. Yaliyobaki hakuyatandaza.

Cha pili ni cha Nabii Musa. Alipotumwa kwa Firauni alisema wazi kuhusu ulimi wake, akaomba fundo lifunguliwe ili watu waelewe maneno yake, akaomba na nduguye Haruni awe msaidizi kwa kuwa ni fasaha zaidi. Akakubaliwa. Yaani aliusema udhaifu unaogusa kazi yenyewe, na pamoja nao akasema msaada gani utaifanya kazi iwezekane. Firauni naye akafanya wanalofanya mafirauni: akamdharau mbele ya watu kwamba ni mtu asiyeweza hata kujieleza. Ombi lilikwisha kujibiwa. Firauni akaendelea kuung'ang'ania ule ulimi.

Ila kuna kazi ya kwanza ya Musa ambayo watu huipita haraka. Ni kule Madiani, alipofika mkimbizi, ameua mtu Misri, hana kitu. Mzee aliyemwita nyumbani alisikiliza kisa chake chote kabla ya habari ya ajira kutajwa. Musa alimsimulia. Na neno la kwanza la mzee baada ya kusikia lilikuwa kumwambia asiogope. Ndipo binti akashauri aajiriwe, kwa sababu mbili, nguvu na uaminifu, na wakafunga mkataba wa miaka minane, kumi akipenda. Nikilifikiria lile jopo langu, nakumbuka kwamba mzee wa Madiani alisikia jambo zito kuliko kifafa, akaanza kwa kumwondolea mgeni hofu.

Sasa niseme kuhusu kilichopita, maana hapa pana ugumu wa kweli. Lini ulemavu umepita? Mwaka 2014 chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa kilitoa maelezo kwamba kifafa cha mtu kinahesabiwa kuwa kimekwisha akikaa miaka 10 bila kuanguka, na katika hiyo mitano ya mwisho awe hatumii dawa. Hawasemi kwamba hakiwezi kurudi kamwe. Wakati naandika ile fomu nilikuwa bado sijatimiza muda huo. Leo nimeutimiza na kuupita. Nilikuwa mahali ambapo mtu si mgonjwa wala hajaandikiwa kuwa amepona, na vijana wengi wanaotafuta kazi wapo hapo hapo: aliyelazwa kwa maradhi ya akili akatoka, aliyetibiwa kifua kikuu cha uti wa mgongo akaanza kutembea tena, aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kwa hali hiyo naona ukweli una namna moja tu ya kusemwa: kwa tarehe. Lini ilianza, lini ilikoma, dawa iliachwa lini, daktari alisema nini. Siwezi kumwahidi mwajiri kesho, na yeyote anayeulizwa ahadi ya kesho ana haki ya kukataa, kwa kuwa hata mwulizaji hana kesho yake.

Sheria nyingine zimelitazama jambo hili moja kwa moja. Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlinda pia mtu ambaye ulemavu wake umepita, na inamzuia mwajiri kuuliza habari za afya kabla ya kutoa kazi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Marekani, sheria yao ya mwaka 1990 inamlinda mwenye historia ya ulemavu hata kama sasa hana. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na inamlinda hata mwombaji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu.

Hiyo asilimia 3 ilinifundisha kwamba ukweli una upande wa pili. Matangazo ya kazi za serikali ya Sekretarieti ya Ajira huwahamasisha watu wenye ulemavu waombe, na kuwataka waonyeshe hali yao katika mfumo. Binamu yangu, kijana mwema aliyechoka kuniona nyumbani, alisema, "Dada, weka alama hapo. Si ulikuwa nao? Kovu si unalo?" Sikuweka. Mimi leo naona, natembea, nasikia, na sianguki. Nafasi ile imewekwa kwa ajili ya binti anayepapasa ngazi za ofisi kwa fimbo nyeupe na kijana ambaye kiti chake cha magurudumu hakipiti mlangoni. Kuitumia historia yangu kumpita yeye kungekuwa udanganyifu uleule wa muuzaji wa nafaka, ila mimi ningekuwa naificha ile kavu. Ninayadai maisha yangu ya zamani yasitumike kunizuia. Siwezi tena kuyatumia kusukuma watu.

Kazi niliyo nayo sasa niliipata Tanga. Fomu yao haikuuliza maradhi. Walinisaili kazi, wakanipa barua. Kabla sijasaini niliomba kuonana na msimamizi peke yake, na nikafunga mlango mwenyewe. Sikulazimika. Rafu za stoo ile zinafika darini na vitu vinateremshwa kwa ngazi, na vijana wawili wa upakiaji husimama chini. Niliona kwamba wale wa chini wana haki. Nikasema kwa tarehe, kama nilivyoeleza. Nikasema pia kwamba foklifti sitaiendesha, na kwamba kupanda ngazi nitapanda.

Alinyamaza kidogo akiangalia kovu langu. Kisha akauliza, "Ikitokea, tufanye nini?"

Nilimwambia: mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, wekeni nguo laini chini ya kichwa, msimbane mikono, msimtie chochote mdomoni, tazameni saa. Ikipita dakika tano, hospitali. Na mfunikeni. Akaandika kwenye daftari lake, akaniuliza ningependa nani mwingine ajue. Nikamtajia wawili wa upakiaji. Hadi leo, kwa kadiri nijuavyo, wanajua hao watatu tu. Haijatokea. Mmoja wa wale vijana alikuja baadaye kuniambia kwamba mdogo wake wa kike anaanguka na wamemwachisha shule. Tulimpeleka kliniki pamoja.

Basi ninyi mnaoandaa fomu za kazi, liondoeni swali lile katika ukurasa wa maombi. Andikeni kazi yenyewe inataka nini, iwe ni kupanda ngazi, kuendesha gari au kukesha usiku, kisha mwulizeni mwombaji kama ataweza na anahitaji nini ili aweze. Mengine ya afya myaulize mkisha kutoa kazi, mtu mmoja kwa mtu mmoja, mlango umefungwa, na karatasi ikae kwa anayehusika peke yake. Na wewe uliyepona na bado unatembea na bahasha: usiandike uongo, wala usijitangaze kwa asiye na haja ya kujua. Ukisema kweli ukanyimwa kazi kwa sababu hiyo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndiyo inayopokea malalamiko ya namna hiyo. Peleka lako.